Jiwe la Jikoni kwa Bi Zaituni

Nilikwenda msibani Buswelu kumlilia Bi Zaituni, na machozi hayakutoka. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, nikapokea kikombe cha chai ya rangi, nikaegemeza shavu kwenye kiganja kama mtu mwenye majonzi, kumbe nilichokuwa nacho ni hasira tupu. Ilinianza pale mlangoni. Nilikuwa navua viatu nikasikia mtu ananiita kwa sauti ya furaha isiyofaa msibani, nikageuka, nikamwona Method. Amenenepa, ana miwani ya bei mbaya, na kichwani alikuwa ameweka barakashia ya kuazima kwa heshima ya shughuli. "Kabula, mdogo wangu, umepotea kabisa," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikampa pole, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema. Akatikisa kichwa kidogo kwa ajili ya marehemu, kisha akainama sikioni kwangu. "Yale mawe yako mpaka leo tunayatumia, ujue. Yamekataa kuzeeka." Nikauchomoa mkono wangu, nikaingia ndani.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba mambo yale yamepita. Mume wangu ananiambia, kanisani wananiambia, hata Mwajuma, binti wa Bi Zaituni, ambaye ndiye mwenye haki ya kukasirika kuliko mimi, ananiambia. Nakubali yamepita. Lakini kuna hasira ambayo ukiiacha unakuwa umewapa wenzako ushindi wa bure, na mimi si mtu wa kugawa vitu bure. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sasa nina mvi ninazozipaka rangi nikikumbuka. Habari za ukoo wangu sitazieleza. Kwetu ni Magu, tulilima pamba na mpunga kama wengine, na hakuna ndugu yangu hata mmoja aliyehusika na jambo hili. Mwaka wenyewe ulianza siku nilipopanda ngazi za ghorofa moja mjini Mwanza, juu ya duka la nyavu, nikaomba kazi.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na harufu ya nyavu mpya ilikuwa inapanda kutoka dukani na kuchanganyika na joto la mashine. Kulikuwa na kompyuta tatu na feni moja, na feni yenyewe ilielekezwa kwenye kompyuta. Sisi binadamu tulipepewa na madirisha. Mwisho wa chumba Method alikuwa amejitengea kiofisi kwa mbao za plaiwudi, mahali pa kupokea wateja wenye tai. Plaiwudi haizuii neno. Kila kilichosemwa mle ndani tulikisikia kama tumekaa mezani pamoja nao, na Method alijua, nadhani alipenda tusikie. Alikuwa ametoka Bukoba akapitia Dar, akarudi upande huu wa ziwa na programu za kuchora na maneno mengi, na alikuwa anaweza kuongea saa nzima bila kunywa maji. Niseme ukweli, nilimpenda kama mtu anavyompenda mwalimu wake. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza picha za majengo ambayo hayajajengwa, picha nzuri kiasi kwamba mwenye mali akiiona anasahau kuwa kiwanja chake bado kina migomba. Na dirishani, mchana kutwa, ulikuwa unaonekana mlima. Mtu wa Mwanza sihitaji kumweleza: mawe makubwa yaliyopandiana, na katikati yake nyumba, kila nyumba imeegemea jiwe lake.

Method ndiye aliyenifundisha nodi. Nodi ni kisanduku kidogo kwenye kioo cha kompyuta. Kina matundu upande wa kushoto na matundu upande wa kulia, unavuta waya kutoka kisanduku hiki kwenda kile, na kile kinakwenda kwenye kingine, mpaka mwisho wa safari rangi inatokea juu ya umbo ulilolitengeneza. Jambo lililonipa wazimu ni kwamba huchori. Hakuna brashi wala hakuna picha unayobandika. Unakipa kisanduku kanuni na namba chache: madoa yawe makubwa kiasi gani, yawe makali au yafifie, yapinde kuelekea wapi, na chenyewe kinazaa madoa yasiyoisha, yasiyojirudia, hata ukilivuta jiwe likawa kubwa kama wilaya. Kulikuwa na namba moja ya mwisho ambayo Method aliiita mbegu. Ukiibadilisha mbegu, kanuni inabaki ileile lakini madoa yote yanajipanga upya, na unapata jiwe jingine, ndugu wa lile la kwanza. Mtoto wa mkulima nisingeweza kulisahau jina hilo. Nilikaa mbele ya kioo kile mpaka macho yakawa mekundu, na Method akipita nyuma yangu alisema, "Taratibu, mdogo wangu, mashine haikimbii."

Mchana tulikula kwa Bi Zaituni. Nyumba yake ilikuwa kwenye ule mlima, mwendo wa kupanda vijia na vingazi vya saruji vilivyomwagwa na wakazi wenyewe, na alipika chakula kwa watu wa maofisini waliokuwa tayari kutoa jasho ili wale vizuri. Alikuwa mjane, mtoto wa mjini hasa, babu mmoja Mmanyema, bibi mmoja Msukuma, na ukoo uliobaki hakuna aliyejua vizuri. Marehemu mumewe alishona viatu na mikoba ya ngozi, na ndiye aliyejenga nyumba ile walipooana, kwa kulifanya jiwe kubwa kuwa ukuta wa nyuma wa jiko. Bi Zaituni alifika mlimani akiwa bibi harusi, na pale alizaa. Nilikuwa namwamkia mlangoni, "Shikamoo Bi Zaituni," naye bila kugeuka kutoka kwenye sufuria anajibu, "Marahaba mwanangu, nawa mikono, leo kuna sato." Tulikula ndani, si nje. Hilo lilikuwa sharti lake. Mama lishe wengine waliweka mabenchi barazani. Yeye alikuingiza sebuleni kwake, ukakaa kwenye mkeka chini ya pazia la kijani lililotenga chumba cha kulala, ukala kama mgeni wake. "Mimi siuzi barabarani," alisema. "Anayekula kwangu, amekula kwangu." Nilipotoka Magu na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alinipikia kwa karanga za kusaga, akala na yeye, akasema kwetu tunajua kula ila hatujui kutangaza.

Jiwe nililipata pale jikoni. Mawe ya mwanzo niliyotengeneza kwa nodi yalikuwa mabaya, yalifanana na ugali uliomwagikiwa majivu, na Method alikuwa ameniambia nitoke nje nikatazame jiwe la kweli badala ya kutazama majiwe ya Wazungu kwenye mtandao. Kwa hiyo baada ya kula nilibaki. Wenzangu wanashuka, mimi nakaa kwenye kigoda jikoni kwa Bi Zaituni na kutazama ukuta wake wa nyuma. Niligundua kwamba rangi ya jiwe si kijivu. Ni waridi iliyochoka, na kijivu kimelala juu yake. Niligundua kuwa mistari myeusi ya maji ya mvua haianzii popote tu, inaanzia chini ya ukingo, mahali maji yanapodondokea, na inanyooka kabla ya kupanuka. Kulikuwa na vile viduara vya kijani kilichofifia vinavyoota juu ya jiwe kama ukoko wa kidonda kinachopona. Kila nilichokiona nilikipeleka kwenye nodi, kisanduku juu ya kisanduku, waya juu ya waya. Bi Zaituni aliniuliza siku moja natafuta nini. Nikamwambia nalisoma jiwe. Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi lisome sauti ya juu," akasema, "na mimi nisikie, nimelala nalo miaka yote hii halijaniambia kitu."

Na masizi yalikuwepo. Jiwe lililopikiwa kwa kuni tangu enzi za ndoa linakuwa na weusi wake, unaopanda kutoka mahali pa mafiga, mpana chini, unafifia juu, na pembeni una hudhurungi kama chai iliyokolea. Ulikuwa weusi mzuri sana. Nikauwekea nodi yake. Method alipokuja kutazama kazi yangu alikiweka kidole palepale. "Hapa ndipo umeua," akasema. "Hili doa jeusi linalipa jiwe umri. Usiliondoe." Hakuuliza limetoka wapi, nami nilikuwa nimevimba kichwa kwa sifa, sikumwambia.

Siku chache baadaye nilisikia mazungumzo nyuma ya plaiwudi. Alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ambayo sitaitaja, mwenye sauti nzito na tabia ya kurudia maneno. Walitaka picha kubwa ya mlima, ya kutundika ukutani, mlima utakavyokuwa siku moja ukipandwa miti na kuwekwa bustani. "Mabati yanachafua macho," akasema yule bwana. "Yanachafua. Mtu anatoka kwenye meli anaona mabati." Method akasema hilo si tatizo. "Kuna binti hapa anatengeneza mawe, ukiyaona utataka kuyagusa. Tunapiga picha ya mlima kutoka ziwani, palipo na nyumba tunaweka mawe, kwisha." Nilisikia hayo yote nikiwa na waya mkononi. Nilidhani ni ndoto za maofisini, kama yale maghorofa ya vioo tuliyokuwa tunayachora na hayajengwi. Method akaenda ziwani kwa boti na kamera nzuri, akarudi na picha iliyoonyesha kila kitu, mpaka kanga za Bi Zaituni kwenye kamba. Yeye mwenyewe ndiye aliyezifunika nyumba. Alichukua faili langu la nodi, akapanga maumbo ya mawe juu ya kila paa, akabadilisha mbegu kila aliposogea, na kanuni yangu ikazaa mawe ya kutosha mlima mzima. Picha ilichapishwa, ikatiwa fremu ya mbao, ikaondoka. Kila aliyeiona alisema ni picha ya kamera. Hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote katika kazi yetu, na Method aliipokea kwa kutikisa kichwa kama mtu anayesikia habari anazozijua.

Siku hizi nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo pale Usagara, na nodi nazifundisha, kwa sababu bado nazipenda na sitamwachia Method vitu vyote. Ila mwanafunzi wangu kabla hajafunika kitu lazima aniambie kwa mdomo kilichoko chini yake. Wananiona mama mwenye visirani. Wananiiga nikitoka darasani, nawasikia, na siwakatazi. Wakati ule mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza swali hilo, na mwaka ule ndio ulionifundisha kwamba picha ikishatoka mkononi mwako inaweza kwenda kusema maneno ambayo hukuyaweka.

Kilichotokea ni hiki. Yule bwana mwenye sauti nzito alihamishwa kituo. Akaja mwingine, kijana, msafi, mwenye haraka, akaikuta ile picha ukutani kwenye ofisi yake mpya, ndani ya fremu ya mbao, haina maelezo. Wakati huohuo kulikuwa na zoezi la kurasimisha makazi ya mlimani: waliokaa pale tangu zamani watambuliwe na wabaki, waliovamia juzijuzi waondoke. Kijana akatazama dirishani akaona mabati, akatazama ukutani akaona mawe matupu, akafanya hesabu yake. Akaamini ile ni picha ya zamani, mlima ulivyokuwa, na kwamba nyumba zote za upande ule zimeota baada ya picha. Wiki iliyofuata zikapakwa alama nyekundu za kubomolewa. Ya Bi Zaituni ilipakwa kwenye mlango. Nilipofika kula mchana alikuwa anaisugua kwa maji na jivu, imekataa kutoka. "Wanasema mimi ni mvamizi," akaniambia, kama anayeuliza maana ya neno. "Wana picha ya mlima, mimi simo."

Nilishuka mlima ule nakimbia. Nilimkuta Method anakula ndizi mezani kwake, nikamweleza, nikamwambia twende sasa hivi kwa yule kijana tukamwambie ile si picha, ni kazi yetu. Alitafuna mpaka akamaliza. "Hajatuuliza," akasema. Nikamwambia yeye hajui aulize nini. "Kabula, sikiliza. Yule ndiye atakayetoa kazi ya ramani zote za mlima. Mimi niende nikamwambie ofisini kwake, mbele ya watu wake, kwamba hajui kutofautisha picha na mchoro?" Nikasema ndiyo, uende. "Kutakuwa na mkutano wa mtaa," akasema. "Nitakuja. Nitalisema kwa namna nzuri." Nilimwamini. Hapo ndipo aliponipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikashukuru, nikasema asante kaka.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na kijana wa ofisini alisimama ubaoni, ile picha imeegemezwa kwenye kiti cha mwalimu. Mwenyekiti wa mtaa alisema yeye mwenyewe anawajua watu hawa tangu akiwa mdogo. Kijana akamjibu kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, wewe ni jirani yao. Picha haina undugu na mtu." Bi Zaituni akainuka, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa. "Haya ni masizi ya jikoni kwangu," akasema. "Haya hapa. Na hapa tena. Na kule juu kileleni, ambako hakuna mtu aliyewahi kuinjika hata chai. Yamefikaje?" Watu wakaangua kicheko. Kijana akamwambia, "Bibi, hayo ni maji ya mvua." Nami nikatazama vizuri, na ni kweli. Kila jiwe la mlima ule mzima lilikuwa na weusi wa mafiga ya Bi Zaituni, kwa sababu kanuni ilikuwa moja.

Nilikuwa nimebeba kompyuta ya mkononi ya studio. Nikainuka, nikasema jina langu na kazi yangu, nikasema mawe yale nimeyatengeneza mimi, hayapo, na nitawaonyesha. Nikaiweka kompyuta juu ya dawati la mbele, nikafungua faili. Kwanza nikabadilisha mbegu. Mawe yote ya mlima yakajipanga upya, nyufa zikahama, madoa yakahama, na darasa zima likasema ahaa. Nikabadilisha tena, mlima mwingine. Kisha nikauchomoa waya, nikayazima mawe, na chini yake ikatokea picha ya kamera ya kutoka ziwani, mabati yanang'aa, vingazi, mlango wa Bi Zaituni, kanga kwenye kamba. Wanawake walinyoosha vidole, ile ya kwangu, ile ya kwa mama Rehema. Nilijua nimeshinda. Kijana aliinama akatazama kwa makini, wala hakuwa na chuki, hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Dada, naomba kuuliza," akasema. "Kwenye mashine hii mtu anaweza kuondoa kitu chochote kwenye picha?" Nikasema ndiyo. "Na kuweka chochote?" Nikasema ndiyo. Akajinyoosha. "Basi na haya mabati umeyaweka wewe. Picha iliyopo ofisini ilikuwepo kabla sijaja, iko kwenye fremu. Hii yako nimeiona inabadilika mara tatu mbele ya macho yangu."

Nikageuka nyuma. Method alikuwa amekuja, alikuwa amekaa dawati la mwisho karibu na mlango, amevaa shati la kutokea. "Kaka Method, waambie," nikasema. "Wewe ndiye uliyekwenda na boti." Watu wote wakageuka. Akasimama, akajisafisha koo. "Kwa kweli, kitaalamu," akasema, "picha yoyote iliyopita kwenye kompyuta inaweza kubadilishwa. Siwezi kusema zaidi ya hapo." Akaketi. Neno lile lilikuwa kweli tupu, na nimeishi muda mrefu na bado sijasikia uongo mbaya kulifikia. Alijua. Alikuwa amekula kwenye ile sebule mara ngapi, amekalia ule mkeka, ameomba aongezewe mchuzi. Kijana aliandika kitu, akawashukuru wananchi kwa ushirikiano, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Nikarudi studio siku iliyofuata kuchukua vitu vyangu. Method hakunigombeza kwa kuchukua kompyuta. Alinionyesha dirishani mlima mwingine, upande wa pili wa mji, akasema wamependa kazi ile wanataka na ule. "Hata usihangaike. Badilisha mbegu tu." Sikumtukana, na mpaka leo najuta kwamba sikumtukana. Nililifuta lile faili kwenye kompyuta niliyotumia, nikidhani nimelimaliza, kumbe alikuwa amekwisha kuweka nakala sehemu nyingine.

Waliokuja kubomoa walikuwa vijana wenye nyundo na mitaimbo, kwa sababu mashine haiwezi kupanda pale. Nilipofika asubuhi niliwakuta wamekaa. Hawakuwa wamekaa nje. Walikuwa sebuleni kwa Bi Zaituni, kwenye mkeka, chini ya pazia la kijani, nyundo zimeegemezwa ukutani, wanakula wali na maharage. Yeye alikuwa jikoni anapakua. Nilisimama mlangoni pale penye alama nyekundu. Nikamfuata jikoni nikamwambia kwa sauti niliyodhani ni ya chini, kumbe iko juu, kwamba hawa ni watu waliokuja kukuvunjia, unawapikia, una akili kweli. Sijawahi kumwambia mtu mzima maneno kama yale. "Wameamka bila chai," akasema. Nikamwambia wafe na njaa. "Kabula, shika sahani hii, mpelekee yule wa mwisho. Mpelekee ndani, asile amesimama." Nikakataa. Akaichukua mwenyewe. Nikamsikia anawaambia kwamba chumba kile nyuma ya pazia ndimo alimomzaa Mwajuma, na dirisha lile mumewe alilitoboa baadaye kwa sababu ya joto, na wale vijana wanaitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi, midomo imejaa. Niliondoka kabla hawajaanza kazi. Nilimkasirikia kwa muda mrefu karibu sawa na nilivyomkasirikia Method; nilidhani amekata tamaa, na woga wake ameuvisha ukarimu. Alihamia Buswelu kwa Mwajuma, kwenye ardhi tambarare, na nilipokwenda kumtembelea tuliongea habari nyingine.

Sasa basi, msibani. Kisomo kilikuwa kimekwisha, watu wamekula, na mume wa Mwajuma akawakaribisha wenye neno waseme kabla ya kutawanyika. Sisi wanawake tulikuwa ndani, dirisha liko wazi, wanaume wako chini ya turubai. Method alikuwa wa kwanza kusimama. Alisimulia vizuri, kama kawaida yake. Alisema marehemu aliwalisha vijana wengi wenye ndoto, alikuwa akipanda na sufuria zake pale mlimani, kwenye mawe matupu, jua kali, anawagawia chakula. "Palikuwa hapana kitu pale," akasema. "Mawe, na huyu mama." Na niliona kwamba hadanganyi. Amekaa na ile picha mpaka ameiamini. Mwajuma alikuwa pembeni yangu, ameinamisha kichwa, kanga imemteleza begani. Nilianza kuinuka, nikiwa sijui nitasema nini, nikijua tu kwamba sitanyamaza.

Kabla sijafika dirishani mtu mwingine alisimama kule nje. Sikumfahamu. Mwanaume wa makamo, mabega mapana, mikono ya kazi, alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na ndoo za maji. Mume wa Mwajuma akamuuliza kwa heshima, yeye ni nani kwa marehemu, kwa sababu familia haimfahamu.

"Nilikula kwake mara moja tu," akasema. "Siku ile nilipokuja kubomoa nyumba yake. Alituingiza ndani wote. Alituambia tukae tule, na tukimaliza kila mmoja atembee atazame vyumba, kisha ndipo tufanye kazi yetu. Tulitembea. Akatuambia kuna watu wanasema hapa hapakuwa na nyumba, sasa ninyi mmekula ndani yake, mkiulizwa mtasema. Nimengoja niulizwe." Akatazama chini, kisha akamtazama Method, ambaye alikuwa bado amesimama. "Hakuna aliyeniuliza mpaka leo. Nyumba ilikuwepo, mzee. Ilikuwa na pazia la kijani. Niliivunja mimi."